Kofia ya Vita Isiyo na Macho

Mimi sikuwepo, yalimfika shoga yangu, fundi cherehani, naye hawezi kutunga uongo, hana akili hiyo.

Bwana mmoja wa makumbusho alimletea kofia ya chuma ya vita vya zamani, akague mshono wa bitana, huenda ukaonyesha ilitengenezwa na nani. Ilifunika uso mzima bila tundu la macho, ila ilikuwa na masikio mawili ya shaba.

"Ya majaribio hii," alisema. "Askari apigane gizani kwa kusikia tu."

"Mume wangu haitiki hata akiitwa kula," shoga akajibu.

Yule bwana alipoondoka, mume akaivaa kwa mzaha. "Mama watoto, nipigie saluti!"

Kamba ya kidevuni ikajikaza. Shoga akaivuta mpaka kucha zikakatika. Humo ndani mume akalia, "Fungua! Giza hili lina watu!"

Shoga akaikata kamba kwa mkasi, akaivua kofia, akaiweka mezani.

Mume, mdomo ameufumba, akamtazama kama hamjui.

Na pale mezani, ndani ya kofia, sauti ya mumewe ikaendelea: "Mama watoto, uko wapi? Fungua."