Karata Isiyo na Pacha

Ndugu zangu, nyumba ya fundi mmoja wa kuchapa kadi ilikuwa ikisifiwa mtaa mzima. Jioni, wakati kwingine kila mtu ameinamia simu yake, yeye, mkewe na watoto wao walikaa mkekani wakicheza karata, vicheko vikisikika mpaka barabarani. Nani asingeitamani familia kama hiyo?

Karata zenyewe alizitengeneza fundi kazini kwake, kwa mabaki ya kadi za harusi. Alichora mambo ya nyumbani: jiko, paka, redio, viatu vya mama watoto. Kila picha ilikuwa na pacha yake, isipokuwa moja ya bibi kizee mwenye mkongojo, mdomo wazi, anaita. Unachomoa karata mkononi mwa mwenzako, unatupa zinazofanana. Atakayebaki na bibi ameshindwa. Na aliyeshindwa ndiye aliyepeleka beseni la maji ya moto chumba cha nyuma, kumwosha miguu mama yake fundi.

Naam, bibi wa kwenye karata alikuwa huyohuyo mama, ambaye macho yake yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Fundi alisema ni njia ya kugawana kazi bila ugomvi. Uongo mtupu. Alichoka kuitwa, akaugeuza uchovu wake kuwa utani, na watoto wakajifunza kumkimbia bibi yao huku wanacheka.

Kisha mama akafanyiwa upasuaji wa macho. Jioni bandeji zilipotolewa, alijikongoja hadi sebuleni.

"Nami nipeni karata. Kila siku nawasikia mnavyofurahi, roho inatamani."

Fundi akakohoa. "Mama, pumzisha macho kwanza."

"Nimeyapumzisha vya kutosha, mwanangu. Gawa."

Fundi akagawa huku akiomba moyoni ile karata imwangukie yeye. Ikamwangukia kweli. Zamu ya mama ya kuchomoa ilipofika, fundi akaibana kwa kidole gumba.

"Mbona unaing'ang'ania? Lazima ni nzuri," mama akacheka, akaivuta hiyohiyo.

Akaisogeza karibu na macho. "Huyu amefunga kitambaa changu," akasema. "Anayebaki naye hufanya nini?"

Fundi akajifanya anapanga karata zake. Kitinda mimba wake, ambaye hakuwa amejifunza kuficha, ndiye aliyejibu. "Anakuosha miguu, Bibi."

Mama akaiweka karata mkekani taratibu. "Basi leo nimeshindwa mimi."

Akajaza beseni mwenyewe, akaingia chumbani. Fundi akamfuata mbio, akakuta mlango umefungwa.

"Mama, nifungulie nikuoshe."

"Nenda kacheze, mwanangu. Zamu ni yangu."

Fundi alizichoma karata zote. Mama hakumwita tena, wala hakuita mtu mwingine. Hadi leo fundi husimama jioni nje ya mlango ule, taulo mkononi, akimsikia mama anavyoguna akiinama kujiosha, kiuno kimekaza, mkono haufiki miguuni.

FUNZO

Jamani, mzazi si adhabu ya kumpa aliyeshindwa. Ukichoka kumhudumia, sema umechoka, omba msaada, hakuna atakayekucheka. Lakini usimfanye kichekesho mbele ya watoto, maana kesho watakaogawa karata ni wao. Na wewe unayenisoma, kama kuna anayekuita chumba cha nyuma, niache hapa uende, wakati bado anakuita.