Dula Aliyefutwa Kwenye Simu

“Nthiwa, kwani Dula ni nani?”

Swali hilo aliulizwa na Jackton, mtunza bustani mwenzake wa boma la pili, juu ya ua wa michongoma huko Loresho. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kumetulia. Nthiwa alikuwa akipunguza ua huku akiimba pambio la kanisani, na mkewe Mwongeli, aliyebakisha siku chache ajifungue, alikuwa akianika nguo nyuma ya nyumba ya wafanyakazi. Basi swali likaingia katikati ya utulivu huo kama changarawe kwenye sahani ya muthokoi.

“Dula gani?”

“Si nakuuliza wewe? Kila saa kumi mama anakaa hapo nyuma na simu. Dula hivi, Dula vile. Halafu anacheka! Wewe alikuchekea hivyo lini?”

“Shika makasi yako, Jackton.”

“Makasi nimeshika. Ni masikio tu hayashikiki.”

Nthiwa alimjua Dula mmoja tu, Abdulfatah, mwuza mbegu wa mtaa wa Biashara, mjini. Watu wa Pwani huwafupisha hivyo akina Abdul, na wateja wote walimwita Dula. Na juzi tu Mwongeli alitumwa huko kununua mbegu za sukuma, akarudi na paketi ya spinachi aliyopewa bure.

Hapa, ndugu zangu, ni lazima niwarudishe nyuma kidogo. Miaka mitatu kabla ya hapo, Mwongeli alishikwa na uchungu peke yake kwenye benchi la hospitali moja, akazaa bila mtu wa kumshika, na mtoto akafa. Nthiwa alikuwa kazini. Mimba hii ilipoingia, mama huyu aliogopa kitu kimoja tu, kuachwa peke yake tena. Mara tatu alijaribu kumweleza mumewe jinsi alivyojipanga. Mara tatu mume alimkata: “Mambo ya kliniki ni yenu wanawake. Mimi usinichanganye.”

Sasa alikuwa amechanganyikiwa kweli. Mchana, Mwongeli alipopitiwa na usingizi, Nthiwa alichukua simu ya mkewe akatafuta. Kweli, jina lilikuwa pale, Dula. Na ujumbe: “Usiogope. Siku ikifika nitakushika mpaka mwisho. Hutakuwa peke yako.”

Kushika? Mpaka mwisho wa nini? Mke alikuwa amelala hatua mbili kutoka alipo, lakini hakumwamsha amuulize. Aliandika: “Usipige tena simu hii. Mwenye mke amejua.” Akatuma, akafuta ujumbe, akafuta na namba.

Jumatatu asubuhi aliomba ruhusa kazini, akaenda hadi dukani kwa Abdulfatah.

“Wewe Dula, unamtaka nini mke wangu?”

Abdulfatah aliweka mzani chini. “Astaghfirullahi! Mke wako yupi?”

“Mwongeli. Uliyempa mbegu bure.”

“Spinachi, bwana! Zilikuwa karibu kuharibika. Nthiwa, mimi nina mke mmoja tu nyumbani, Mwanasiti, naye ananimaliza. Huyo wa pili nitamweka wapi, kwenye gunia la maharagwe?”

Watu dukani walicheka. Nthiwa alisimama kama mtu aliyepotewa na njia mlangoni pake. Kama si huyu, basi ni yupi? Nairobi hii ina akina Dula wangapi?

Simu yake ikalia. Alikuwa Mwongeli, analia. “Chupa imepasuka. Jackton amenitafutia teksi. Namtafuta Dula, namba yake siioni!”

“Hata leo unamtaka huyo?” Nthiwa akakata simu.

Hata hivyo alimfuata. Alipofika hospitalini Parklands, mkewe alikokuwa akihudhuria kliniki, muuguzi alitoka chumba cha kujifungulia akamtazama juu chini.

“Umekuja na dula?”

“Mimi ndiye mume!”

“Sikuulizi mume. Dula wake yuko wapi? Kwenye kadi imeandikwa atakuja na dula.”

“Hata nyinyi mnamjua? Mwanamume anamshika mke wa mtu, na mnamwandika kwenye kadi?”

Muuguzi alicheka, kisha akaona huyu hatanii.

“Mwanamume gani, baba? Dula ni kazi. Ni mama anayekaa na mwenye uchungu, anamsugua mgongo, anampa maji, anamwambia vuta pumzi. Si daktari, si mkunga. Wa mke wako ni Mama Selpher wa Kangemi. Hebu tumpigie.” Akapiga, akasikiliza, akakata. “Kumbe leo yuko mbali, Machakos. Basi ingia wewe umshike.”

“Mimi? Huko ndani?”

Nthiwa alishika kitasa, akakiachilia, akabaki amesimama pale mlangoni. Baba yake hakuwahi kufika mahali pa uzazi, wala babu yake. Alijiuliza kama angekuwa msaada au kikwazo, na kabla hajapata jibu saa tatu zilikuwa zimepita. Mtoto wa kike alizaliwa hai, Mungu asifiwe. Lakini Mwongeli alivuja damu nyingi, na madaktari walihangaika naye hadi jioni.

Alilazwa siku tatu. Siku ya kuruhusiwa, Mama Selpher alifika, mama wa makamo mwenye leso kiunoni.

“Mwanangu,” akamwambia Mwongeli, “mbona mlinifukuza?”

“Mimi? Nilikufukuza lini?”

Mama Selpher akamwonyesha simu. Mwongeli akasoma ule ujumbe mara mbili.

“Mama Yvonne,” Nthiwa akamwambia mkewe, maana mtoto walikuwa wamemwita Yvonne, “mimi nilidhani... hilo jina... kuna Dula wa mbegu...”

FUNZO

Akina baba, neno usilolielewa nyumbani, muulize aliyelisema. Usipouliza, jirani atakujibu, na jirani hujibu kwa alichosikia nusu. Hakuna mambo ya kliniki ya wanawake peke yao, mtoto ni wa wawili. Na mwanamke akimpata wa kumshika mkono saa ya uchungu, usimwondolee, hasa kama wewe mwenyewe huwezi kuingia. Mungu hapendi mtu aachwe na maumivu peke yake.

Mnauliza Mwongeli alimjibu nini mumewe? Alisema hivi:

“Nilipomkosa yeye, nilikuita wewe. Niliona viatu vyako chini ya mlango.”

Kisha akamfunika mtoto vizuri, akamshika Mama Selpher mkono, akatoka.