Kiota chenye Pindo

Mama Pindo, fundi aliyepewa jina hilo kwa mapindo yake, hakuwa mtu wa kuogopa ndege. Kila asubuhi, kabla hajakanyaga cherehani, alifungua dirisha la nyuma na kumwaga mtama kwenye kibao alichokitundika uani. Kando ya mtama aliweka vipande vya nyuzi, kwa kuwa mnana akijenga hatosheki na uzi. Na akimaliza kumchana binti yake, nywele zilizobaki kwenye kitana alizitupa hapo hapo.

Wifi yake alikuwa amehamia chumba cha pili tangu alipoachika. Wawili hao hawakuwahi kuiva chungu kimoja.

"Nywele za mtoto hazitupwi ovyo," wifi alimwambia siku moja akifua.

"Ndege hawajui uchawi, wifi," Mama Pindo alimcheka.

"Haya. Mdharau mwiba."

Mama Pindo alidhani ni chuki tu, na kweli chuki ilikuwapo. Wifi alikuwa akikutazama kama anayekupima jeneza.

Siku ile ile alikuja ndege asiyemjua. Shomoro alimjua, chiriku alimjua, tetere alimtambua hata kwa mlio. Huyu alikuwa wa rangi ya majivu, mdomo mwembamba umepinda kama sindano ya magunia. Alipotua, wengine wote waliruka. Mtama hakuugusa. Aliupa mgongo, akamkodolea macho binti aliyekuwa akinywa chai mlangoni, kisha akaokota uzi mmoja na unywele mmoja, akaenda zake.

Aliporudi kesho yake, Mama Pindo alimpiga picha kwa simu, akamtumia mumewe, dereva wa lori anayejua ndege wa kila pori.

"Ndege yuko wapi?" mume alijibu. "Mbona naona uzi tu?"

Mama Pindo akaitazama tena ile picha. Kibao kilikuwa kitupu. Uzi mwekundu ulikuwa umesimama hewani, peke yake.

Mtoto akaanza kuumwa.

"Kichwa kinanibana, mama. Kama nimevishwa kofia ndogo."

Zahanati walimpima, hawakuona kitu. Kila asubuhi kitana kilitoka na mafungu ya nywele. Mama Pindo aliacha kuzitupa kibaoni, akawa anazifukia. Ndege alikuja vile vile, na kila alipoondoka alikuwa na unywele mdomoni. Kisha mtoto akagoma kula. Kisha akashindwa kuinuka kitandani.

Siku hiyo Mama Pindo aliacha cherehani, akasimama uani kumvizia. Ndege hakuelekea mtini. Aliingia dirishani kwa wifi.

Akausukuma mlango. Wifi alikuwa amekaa kitandani, mikono mapajani.

"Simfugi mimi," akanong'ona. "Alianza kuja siku uliyonicheka."

"Na hukusema?"

"Ungeniamini?"

Kiota kilikuwa juu ya kabati. Kidogo, cha mviringo, kinatosha kichwa cha mtoto. Ukingoni kilikuwa kimeshonwa pindo. Mama Pindo akaliangalia pindo lile. Lilikuwa la mkono wake. Alitoa kiberiti.

"Usikichome. Utamchoma mwanao."

Alimchukia wifi kuliko mtu yeyote duniani. Akakirudisha kiberiti.

Alikaa chini akaanza kufumua. Uzi, unywele. Uzi, unywele. Ndege alitua dirishani. Hakulia. Aliangalia vidole tu. Mama Pindo hakuinua macho. Unywele wa mwisho ulipotoka, sauti ilisikika kutoka chumba alicholala mtoto.

"Mama, nina njaa."

Alilia kwa furaha mpaka akakohoa. Alipogeuka dirishani, ndege hakuwapo.

Jioni alikishusha kibao akakipasua kuni. Akaacha gauni la mteja chini ya sindano ya cherehani, pindo halijaanzwa, akaenda kulala na mwanawe kifuani.

Asubuhi mtoto ndiye aliyemwamsha, mzima, anacheka. Alikuwa akimchezea kisogo.

"Mama, huku nyuma nani amekunyoa?"

Akapeleka mkono. Palikuwa laini, duara, pana kama kiganja.

Akaenda kwenye cherehani taratibu, mtoto akimfuata. Gauni lilikuwa pale pale alipoliacha. Pindo lilikuwa limekwisha kushonwa, limenyooka vizuri, kwa mkono wake.

Lakini hakukuwa na uzi. Lilikuwa limeshonwa kwa nywele nyeusi, na katikati, hapa na pale, mvi zake mwenyewe.