Vumbi la Uvunguni

Jumamosi ile ya Oktoba ilikuwa ya kawaida kabisa, na jua lilitoka kama mgeni asiyekusudia kukaa. Rhéal Haché, jirani yetu wa nyumba ya kijani, alikuwa amelala chali uvunguni mwa gari akipuliza mafuta.

Huku kwetu Anse-Blanche, kijiji cha pwani ya baridi, ikifika Oktoba, kila mwenye gari analolipenda hulala chali. Theluji ikianza, ofisi ya barabara humwaga chumvi kwa ukarimu ambao haijawahi kuuonyesha katika jambo jingine lolote, na chumvi ile hula chuma kuanzia chini, mahali macho hayafiki. Kwa juu gari linang'aa kama bibi harusi. Halafu siku moja unakanyaga breki na mguu unakutana na lami.

Gari lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa Beaumont ya mwaka sitini na nane, mali ya kaka yake Donat. Donat alilitoa kwenye zizi la ng'ombe likiwa mifupa mitupu, akalichomelea sakafu mpya kipande baada ya kipande, kwa mkono wa kulia wenye vidole vitatu. Viwili vingine aliviacha kwenye msumeno wa kiwanda cha mbao akiwa kijana. Mwezi Machi alikuwa akivuka ghuba iliyoganda kwa pikipiki ya theluji. Barafu ikafunguka, ikafunga. Wazamiaji waliipata pikipiki. Yeye hawakumpata.

Rhéal hakulia. Watu walimletea supu ya kuku, akanywa. Wakamletea pole, akapokea. Alikuwa na ganzi kama ya mguu uliokaliwa, ila hii ilikuwa ya mwili mzima, na zile sindano za kuzinduka hazikuja.

Ahadi moja tu aliitoa mwaka ule. Josiane, binti wa Donat, muuguzi huko Moncton, hakuwa na kaburi la baba yake la kwenda kusimama, kwa hiyo alilitaka gari. Angekuja kulichukua Jumapili ya wiki inayofuata. "Nitakukabidhi likiwa zima mpaka chini," Rhéal alimwambia kwenye simu. "Chumvi hailigusi."

Fernande, mke wa Donat, aliingia gereji na vikombe viwili vya kahawa. Neno mjane lilikuwa bado na mgogoro.

"Wamekataa tena, shemeji," alisema. "Nimeomba gari liandikwe jina la mtoto. Yule dada wa dirishani, pale ofisi ya usajili wa magari, anataka mwenye gari aje asaini mwenyewe. Namwambia yuko chini ya barafu. Ananiambia, mama, bila mwili hakuna kifo. Kwa hiyo mume wangu hajafa. Kachelewa tu."

"Sasa?"

"Sasa gari bado lake. Akilihitaji, anaruhusiwa kulifuata, mradi iwe saa za kazi."

Hawakucheka. Walitazamana kama watu ambao zamani wangecheka.

"Vumbi utachukua wapi?" Fernande aliuliza.

Lilikuwa swali la maana. Madukani kuna makopo ya dawa nyeusi kama lami, na wageni huyanunua. Dawa ile hufungia unyevu ndani, na kutu inajilia kwa starehe kama iko chumbani kwake. Sisi hupuliza mafuta, kisha mafuta yakiwa bado mabichi tunalikimbiza gari kwenye barabara ya changarawe. Vumbi linapanda, linanata, linaganda, linakuwa ngozi ya pili. Vumbi utakalolichukua siku hiyo ndilo utakalolivaa mpaka theluji iyeyuke.

"Donat alikuwa anakwenda machimbo ya mchanga," Rhéal alisema. "Wameweka lami. Uchaguzi."

"Na ya kinu cha zamani?"

"Lami. Uchaguzi wa kabla ya huo."

Ilibaki moja, barabara ya Rasi, inayoishia kwenye makaburi ya zamani. Hiyo haikuwekwa lami kwa sababu wakazi wake hawapigi kura.

Fernande aliweka kikombe chini. "Ile Donat hakuipita hata siku moja na mafuta mabichi. Na unajua kwa nini."

Alijua. Bahari ilikuwa inaila Rasi kidogo kidogo, na upande wa makaburi ulipoporomoka, ofisi ya barabara ilileta greda, ikazoa udongo ulioanguka, ikautandaza barabarani. Katika taarifa yao waliuita kifusi cha wenyeji. Wazee walisema hapo, kwa mara ya kwanza, ofisi ile ilikuwa imesema kweli.

"Vumbi ni vumbi," Rhéal alisema.

Alikwenda mchana, jua likiwa limewaka. Beaumont ilinguruma vizuri na vumbi lilipanda nyuma yake, jeupe na laini kuliko alivyotarajia. Makaburini uzio ulining'inia hewani juu ya bahari. Akageuza gari.

Upepo ulikuwa mkali, nyasi zimelala. Vumbi halikusogea. Lilisimama palepale lilipopandia, kama watu waliopanga foleni.

Akapita katikati yake. Ndipo gari likawa zito. Springi za nyuma zilikaa chini, taratibu, kama zinavyokaa abiria wanapopanda mmoja mmoja. Rhéal alitazama kioo. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Akaendesha mpaka nyumbani na usukani mwepesi mikononi, pua ya gari ikitazama juu.

Kesho yake baada ya misa aliingia uvunguni na taa kukagua kazi yake. Vumbi lilikuwa limeshika sawasawa, kijivu, bila upenyo. Isipokuwa katikati. Hapo palikuwa na alama za viganja, na kwenye mhimili wa chesisi vidole vilikuwa vimejikunja kwa juu, kama vya mtu aliyejishikilia.

Mtu mwingine angekimbia. Yeye alitazama tu, ile ganzi ikimfanyia kazi yake. Kisha akatoka, akakaa kwenye kiti cha dereva na kugonga sakafu kwa kisigino.

Akatega sikio.

Halafu sakafu ikagongwa kutoka chini.

"Donat?" alinong'ona.

Ikagongwa tena.

Kifuani mwake kitu kikasogea. Kidogo sana, kama samani inayosogezwa nyumba ya jirani. Lakini kilisogea.

Wiki ile nzima alikuwa akinywa kahawa yake garini. Alimweleza kaka yake habari za yule dada wa dirishani, na za bei ya mafuta ya kupuliza, na kwamba Josiane amekata nywele. Alimwekea chupa ya bia sakafuni karibu na gurudumu. Asubuhi aliikuta tupu, kizibo kikiwa bado kimefungwa.

Chini ya gari kulianza kutokea dimbwi, ingawa mvua haikuwa imenyesha na rejeta haikuvuja. Rhéal alichovya kidole, akaonja. Maji ya chumvi, baridi ya kuuma meno. Ghuba, alijisemea. Ndiye. Hakujiuliza zaidi, kwa sababu mtu mwenye njaa haulizi mkate umeokwa na nani.

"Huku kuna baridi, kaka," alisema siku ya Alhamisi. "Unataka kuingia ndani?"

Sakafu iligongwa mara nyingi, harakaharaka.

Akauacha wazi mlango wa kutoka gereji kwenda jikoni. Usiku na mchana.

Jumamosi Fernande alipita na sufuria ya madonge ya viazi kwa ajili ya mapokezi ya Josiane. Alisimama mlangoni mwa gereji bila kubisha.

"Shemeji. Unaongea na nani?"

Hakuona sababu ya kumficha. Alimweleza yote, kwa sauti ileile ambayo mtu hueleza kwamba amebadilisha plagi. Fernande hakumkatiza. Alimaliza kusikiliza, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Nionyeshe."

"Utachafua koti."

"Koti langu silo unalopaswa kulihurumia leo. Lete taa."

Mwanamke yule wa makamo, akiwa na koti lake la kanisani, alilala kwenye kitanda cha magurudumu ambacho mafundi huingilia chini ya gari, akajisukuma uvunguni. Rhéal aliona viatu vyake tu. Viatu vilitulia. Vilikaa vimetulia muda mrefu.

Alipotoka uso wake haukuwa na rangi. Alizungumza kwa kunong'ona, mdomo karibu na sikio la Rhéal.

"Rhéal. Hesabu vidole."

Akaingia. Akamulika. Kiganja cha kulia. Kidole gumba, kisha kimoja, kingine, kingine, kingine.

Vyote.

Akasogeza taa. Kulikuwa na kiganja kingine cha kulia. Na kingine, kidogo, kama cha mtoto wa shule. Wiki nzima alikuwa amevitazama na hakuviona. Kila kimoja kilikuwa kizima.

Juu ya kichwa chake, ndani ya gari lisilokuwa na mtu, kiti kililia kama kinavyolia mtu anapojiweka sawa.

Akajivuta nje.

"Kesho mtoto anakuja kukaa mle," Fernande alinong'ona. "Peke yake. Mpaka Moncton."

"Ndiyo."

"Wale si mume wangu."

"Ndiyo."

"Basi warudishe. Twende wote, nisije nikabaki na kazi ya kuwaeleza wale wa dirishani kwamba na wewe umechelewa."

Kulikuwa bado na mwanga walipofika Rasi. Rhéal alipiga jeki katikati ya barabara, akaingia chini na chuma cha kukwangulia, mafuta ya taa na matambara. Akakwangua. Ile ngozi ilitoka kwa vipande vizito na kuanguka changarawe juu ya changarawe. Ilimwingia machoni. Ilimwingia mdomoni, na ladha yake haikuwa ya udongo. Fernande alishika taa na kusali bila sauti, midomo tu.

Alikwangua mpaka chuma kikawa uchi. Mafuta yake yote, kazi yake yote, na kazi ya Donat ikiwa wazi juu yake, mshono kwa mshono wa kuchomelea. Kila mshono aliujua. Theluji ya kwanza ilianza kuanguka, ikawahi kuliko ilivyotabiriwa, ikalowesha chuma kilekile.

Akashusha jeki. Gari lilikuwa bado limekaa chini kwa nyuma.

"Waambie," Fernande alisema.

Rhéal aliweka mkono kwenye buti la gari. Hakujua watu wa namna ile huambiwaje.

"Shukeni," alisema. "Mmefika."

Hakuna kilichotokea. Kisha springi zikapanda. Taratibu. Mmoja mmoja.

Rhéal na Fernande waliondoka bila kutazama nyuma.

Usiku ule hakupuliza upya. Kupaka mafuta juu ya chuma chenye maji ni kuialika kutu na kuifungia mlango, na kukikausha kungechukua siku ambazo hakuwa nazo. Alfajiri gari la ofisi ya barabara lilipita likimwaga chumvi, kwa bidii ya watu wanaotaka bajeti iishe.

Josiane alifika kwa basi, akala madonge mawili, akazunguka gari akilipapasa madigadi. Macho yalimjaa.

"Baba mdogo, uliliosha hadi chini? Linanukia mafuta ya taa."

"Nililiosha."

"Na ulipaka?"

"Nilipaka," Rhéal alisema, na kwa kiasi fulani ulikuwa ukweli. "Lakini ukifika lipeleke kwa fundi, likaushwe na lipakwe tena. Siku hiyohiyo. Usingoje."

"Si ulisema chumvi hailigusi?"

"Nilisema. Nenda polepole."

Alisimama barabarani na Fernande kuitazama Beaumont ikiondoka juu ya lami nyeupe kwa chumvi. Nyuma yake ilikuwa nyepesi, juu juu, kama inavyotakiwa. Aliijua hesabu yake: fundi akikawia, mishono ya Donat ingeanza kuchanua kutu kabla ya Pasaka. Lakini mtoto alikuwa peke yake mle ndani. Jioni Josiane alipiga simu. Amefika. Safari nzuri. Hakuna chochote.

"Haya," Rhéal alisema, na ile ganzi ikamrudia, ikakaa mahali pake.

Akapasha madonge yaliyobaki. Akafunga mlango wa gereji, uliokuwa wazi tangu Alhamisi, na kusogea mezani. Akashika ukingo wa meza ili avute kiti.

Vidole vilirudi na mafuta. Mafuta yenye chengachenga.

Akapiga magoti na kuinamisha kichwa.

Uvungu wa meza ulikuwa umejaa viganja. Ukingo hadi ukingo, vikubwa na vidogo, vimebandikwa kutoka chini kwenda juu, kama watu wanavyosukuma barafu. Na pale hasa anapoweka magoti yake, juu ya vile vingine vyote, kama kinachovizuia, palikuwa na kiganja kimoja cha kulia.

Vidole vitatu.

Kilikuwa bado kinadondoka. Rhéal alikinga tone kwa ulimi. Chumvi. Alikaa palepale sakafuni, chakula kikipoa, na baada ya muda aliona kwamba mashavu yake yana maji, na hayo nayo yalikuwa ya chumvi, na hakuweza tena kusema yapi yalitoka wapi.

Meza ile ipo hadi leo. Hajaipangusa. Ukimtembelea atakukaribisha vizuri, atakumiminia kahawa, atakuuliza habari za nyumbani. Atakuomba jambo moja tu, kwa upole, kama anayezungumzia zulia jipya: usiingize magoti ndani sana.