Mnaondoka Lini?

Hakuwa na gari. Hakuwa na mke, kwa hiyo hakuwa na wa kumwuliza jioni alikuwa wapi. Hakuwa na mtoto hata mmoja wa kupeleka katika shule za mji ule, ilhali alizijua zote mpaka vyoo vyake. Hakuwa na suti; alikuwa na suruali nyeusi, shati jeupe na tai ya kipepeo aliyoamini inampa heshima. Juu ya yote, hakuwa na ujasiri. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, naye aliishika methali hiyo kwa mikono miwili. Lakini miaka ilipita, na kicheko chenyewe hakikuijua njia ya nyumbani kwake.

Watu walimwita Ramani. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia shule na vyuo watoto wa wageni: wahandisi, madaktari, watu wa mashirika, wale wanaoletwa na mkataba na kuondolewa na mkataba.

Siku hiyo palikuwa na maonyesho ya shule katika ukumbi wa hoteli. Mabango yananing'inia, walimu wakuu wanatabasamu mpaka mashavu yanawauma, wazazi wanasukumana kama wako sokoni. Ramani alikuwa akipenya katikati yao alipokabidhiwa kikombe kitupu.

"Shika, kaka. Niongezee chai, na sukari tafadhali. Ile ya kwanza ilikuwa maji ya mto."

Aliyesema alikuwa mwanamke mrefu. Gauni la zambarau lilimkaa kama lilishonewa mwilini, lakini miguuni alivaa viatu vizito vya kazi vyenye tope lililokauka. Ramani akatazama kikombe, akatazama viatu, moyo ukamruka. Akaenda, akarudi na chai yenye sukari.

"Asante. Unafanya kazi hapa siku nyingi?"

"Sifanyi kazi hapa, dada. Mimi ni mshauri wa shule."

Mwanamke akaiangalia ile tai, akaziba mdomo. "Mungu wangu! Na chai umeniletea?"

"Uliomba kwa adabu."

Wakacheka. Alikuwa mhandisi wa maji, mjane, ametoka nchi jirani kuja kufunga pampu za mji. Kando yake alisimama binti yake wa miaka kumi na sita, amekumbatia begi kifuani kama mtu anayengoja kuibiwa.

"Swali langu la kwanza ni moja," alisema Ramani. "Mnaondoka lini?"

"Ala! Ndiyo kwanza tumefika, unatufukuza?"

"Sifukuzi. Mtoto wa mgeni hatafutiwi shule ya kuingilia, anatafutiwa ya kutokea. Ziko shule za mtihani wa hapa, ziko za mtihani wa ng'ambo. Ukikosea, anafika mlangoni mwa chuo na ufunguo wa nyumba nyingine."

"Mkataba wangu ni wa miaka miwili."

"Basi aende shule ya kilimani. Mtihani wa ng'ambo."

Binti akainua macho. "Anko, hakuna shule ambayo mtu akiingia haondoki tena?"

Wakubwa wakacheka. Yeye hakucheka.

Tangu siku hiyo simu ya Ramani ikapata uhai.

"Mhudumu, chai yangu iko wapi?"

"Inachemka, mama."

"Nani mama yako? Niite jina tamu."

"Naogopa litanizoea kinywani."

"Wewe Ramani! Njia zote za mji unazijua, ya moyoni mwangu imekushinda?"

"Hiyo haina vibao, mpenzi."

"Ehee! Umeliona hilo jina? Halikukuuma."

Jumamosi walitembea pamoja, yeye na tai yake, mhandisi na viatu vyake, harufu ya grisi ikishindana na marashi. Ramani alikuwa na furaha, na furaha ile ilimtisha kuliko ukiwa wake wa zamani. Wageni wangapi amewasindikiza uwanja wa ndege! Amebeba masanduku yao, amepunga mkono, amerudi mjini peke yake. Miezi ilipokuwa inakwisha, alianza kushtuka kila alipoona sanduku hata dukani. Lile swali lake la kwanza hakuthubutu tena kuliuliza.

Jumapili moja walikuwa kwenye roshani ya nyumba ya mhandisi, wakianua nguo. Mhandisi akasema, bila kumtazama Ramani, "Mtoto anamaliza mwakani. Ingekuwa wewe, ungempeleka chuo gani? Cha hapa, au cha kwetu?"

Mikono yake ilisimama juu ya shuka. Alikuwa anangoja.

Neno "hapa" lilifika mpaka kwenye meno ya Ramani. Papo hapo akalimeza. Anayejibu ni mshauri au ni mpenzi? Je, kama atamfungia mtoto wa watu milango ya dunia ili yeye asilale peke yake? Ulimi ukatafuta pa kujificha, ukaingia kazini.

"Inategemea," alisema. "Mnaondoka lini?"

Mhandisi alikunja ile shuka polepole, pembe kwa pembe.

"Nenda nyumbani, Ramani."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Umefanya kazi yako. Nikipata jibu nitakupigia."

Hakupiga. Ramani alipiga, simu ikalia mpaka ikachoka. Akala chakula bila kujua anakula nini. Usingizi ukamkimbia.

Alasiri moja simu ikalia. Alikuwa mhandisi, lakini sauti haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Mtoto hajarudi. Basi la shule limefika bila yeye. Simu yake haipatikani. Mimi mji huu siujui, Ramani. Nisaidie."

Alikodi pikipiki, akampitia. Shuleni mlinzi alikuna kichwa: binti alitoka mchana na begi lake, akasema ana ruhusa. Wakazunguka vituo vya mabasi, maduka ya vitabu, hospitali ya karibu. Ramani aliona kila mtaro una kina, kila lori lina haraka, kila mwanamume aliyeegemea ukuta ana maneno matamu ya kumlaghai mtoto. Kando ya barabara akaona sweta ya buluu, ile ya shule, imelala kwenye nyasi. Akaikimbilia. Alipofika ilikuwa mfuko wa saruji.

"Fikiri," mhandisi alimwambia. Mkono wake ulikuwa baridi kama bomba. "Si wewe ndiye Ramani?"

"Nafikiri." Lakini kichwani mwake mitaa yote ilikuwa imefutika.

Ndipo akakumbuka. Zamani kidogo walipita na binti mbele ya chuo kikuu cha mji, akauliza, "Na hiki, anko?" Yeye, bila hata kugeuza shingo, alijibu, "Hicho si cha wageni."

"Twende," alisema.

Walifika jua likichwea. Walifungua ukumbi mmoja baada ya mwingine: viti vitupu, feni zinazozunguka bila mtu. Katika ukumbi wa mwisho, chini ya dawati la nyuma, palikuwa na begi. Mhandisi alilijua kabla hajaligusa. Lilikuwa wazi, na mwenyewe hayupo. Akalishika kwa mikono miwili, akatoa sauti ambayo Ramani aliomba asiisikie tena maishani.

"Mama?"

Binti alikuwa amesimama mlangoni, ameshika chaja ya kuazima.

Mama yake alimkumbatia, akampiga begani, akamkumbatia tena. "Unataka kuniua? Unataka kuniua wewe?"

"Simu ilizima, mama. Nilikuwa nasikiliza somo la sheria. Sikuelewa kitu. Lakini hakuna aliyeniuliza natoka wapi, wala naondoka lini." Akamgeukia Ramani, macho yamejaa machozi. "Shule tano nimebadilisha, anko, na kote naanza na swali hilohilo. Mama ameongezewa mkataba, miaka mitano. Hajasaini. Anangoja wewe useme neno. Wewe husemi, yeye hasemi. Mnaoogopa ni nyinyi, anayehamishwa ni mimi."

"Wewe mtoto, ulimi!" alisema mama yake, lakini sauti haikuwa na ukali.

Ramani alishika mgongo wa kiti. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuuliza hapa au kwetu. Ukaniuliza naondoka lini. Nikaona umeshanibebea sanduku, unanisindikiza."

"Niliogopa. Nikisema hapa, nitakuwa nimemchagulia mtoto chuo kwa faida yangu."

"Na sasa?"

"Bado naogopa." Akakiachia kiti. "Cheti cha ng'ambo kinapokelewa hapa, kinachelewa tu kulinganishwa na cha hapa. Nilipaswa kuwaambia zamani. Hilo nasema kama mshauri. Na kama mimi... msiondoke."

"Sikusikia."

"Msiondoke!" Feni zikaendelea kuzunguka. Mwanafunzi mmoja akachungulia, akaondoka zake.

Mhandisi akapangusa uso kwa mkono wenye grisi, ukabaki mstari mweusi shavuni. "Chai imechelewa, mhudumu," alisema. "Lakini ina sukari."

Alisaini mkataba wake, na binti akaanza kusoma habari za chuo kile. Ikabaki ruhusa ya kuoana. Baba wa mhandisi, huko kwao, alikuwa fundi cherehani mstaafu, masikio yamezeeka. Simu hakuitaka, alitaka barua. Kila aliyomwandikia mhandisi aliimaliza kwa neno lilelile: *Mnakuja lini?*

Neno hilo lilimnyima Ramani amani. Aliandika, akachana, akaandika, akachana. Mwishowe, mhandisi na binti wakiwa wamekaa mbele yake, aliandika bila kupamba:

*Mzee wangu, shikamoo. Ninataka kumwoa binti yako, naye amekubali. Najua ninayekuomba ndiye unayemngoja. Akibaki huku, utamngoja zaidi. Nimezoea kusindikiza watu, kungoja nakujua. Tutakuja likizo ya kwanza ya mtoto, sote watatu. Ukikataa, nitakuja hata hivyo, nikuombe ana kwa ana.*

"Hapo mwisho umekuwa jeuri," alisema mhandisi.

"Nifute?"

"Thubutu ufute!"

Posta ilikuwa imejaa watu. Binti alilamba gundi, akabana bahasha, akaipigapiga kwa ngumi mpaka ikashika. Mama yake akabandika stempu, imepinda kidogo. Ramani akaichukua, akafika kwenye sanduku la barua, akaiingiza nusu, mkono ukakataa kuachia.

"Unaogopa?" mhandisi alimnong'oneza.

"Mno."

"Hata mimi. Itume hivyohivyo."

Akaachia. Wakaisikia ikianguka juu ya barua za watu wengine.