Sort Kwanza, Wifi

Mama alimimina chai, akatega kitendawili chake.

"Namfuga mwenyewe, ananing'ata mwenyewe. Jirani hana habari."

Shangazi, ndivyo watoto wa nyumba ile walivyomwita, alijifanya anatafuta sukari. Roho ilimchoma. Yeye na wifi yake, mke wa kaka yake, waliandika programu kwenye kliniki moja. Lakini sifa zote zilikwenda kwa wifi na kompyuta yake kuukuu! "Muulize wifi yako," hata mama alisema hivyo.

Siku hiyo, kliniki, muuguzi mkuu aliingia mbio ofisini mwao.

"Chanjo ni kesho, na ujumbe wa simu wa kuwakumbusha umekwama kwa baadhi ya akina mama. Nataka namba zao kabla ya saa nane, tuwapigie."

"Niachie mimi!" Shangazi alidaka, wifi asije akatangulia.

Alifungua faili kwa programu yake mpya yenye madoido. Mistari laki tisa, kila mmoja namba ya simu na hali ya ujumbe tu! Kila ujumbe uliokwama, mtambo uliurudia tena na tena. Programu ikaganda. Akaiwasha upya, ikaganda.

Akakumbuka dirisha jeusi ambamo wifi huandika amri. Aliwahi kulichungulia kwa jicho la pembeni. Akaandika grep, kisha uniq. Namba zikamwagika, mama mmoja mara ishirini.

Saa saba na nusu. Akamgeukia wifi.

"Wifi, umenificha nini?"

"Nikufiche nini, wifi yangu? Hujaniuliza hata siku moja."

Wifi akavuta kiti.

"Grep inachagua mistari yenye neno unalotaka. Uniq inafuta marudio, ila inatazama mstari wa jirani tu. Pacha wakitengana haiwaoni. Kwa hiyo sort kwanza, iwakalishe pamoja. Na kijiti hiki, |, kinapokeza kazi kwa anayefuata."

Shangazi akaandika:

grep IMEKWAMA ujumbe.txt | sort | uniq

Kufumba na kufumbua, namba arobaini na tatu. Hakuna iliyojirudia.

"Hii umeinunua wapi?"

"Hainunuliwi. Imo kwenye kompyuta yako tangu siku ulipoiwasha."

Wauguzi wakapiga simu zote. Kesho yake, mabenchi ya kliniki yalijaa watoto wanaolia kwa afya njema.

Jioni mama akauliza, "Kitendawili changu mmekishindwa? Basi nipeni mji."

"Mji hatutoi, mama," Shangazi alisema, akimsogezea wifi sukari. "Ni wivu."

"Ehe! Umemjuaje?"

"Nilikuwa namfuga. Jana saa saba na nusu nikamfungulia mlango."