Samaki wa Siku ya Jina

Maiti ya Léon ilinaswa na magugumaji, hatua mia tatu chini ya mtambo aliokuwa akiujaribu. Wanawake waliokuja kufua ndio walioiona, wakaziacha nguo zao hapo hapo wakakimbia.

Inspekta Marcelline alifika Nyangwe mchana, kutoka Kasongo kwa pikipiki, kiuno kikimuuma na moyo ukiwa mzito tangu njiani. Miaka kumi na tisa ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kwamba akiitwa mbali hivi anaitwa kuandika tu. Wakati wa kuokoa umeshapita. Alivaa glavu, akamgeuza marehemu. Jeraha moja kisogoni, refu, la kitu bapa. Povu lililokauka puani lilionyesha kwamba alipozama alikuwa bado anapumua.

"Alipigwa kwanza, maji yakammaliza," alimwambia polisi aliyefuatana naye, naye akaandika.

Léon alikuwa fundi, mtu mpole, aliyeachwa peke yake na kampuni ya majaribio aupime mtambo wa umeme: chombo chenye mabapa matatu ya kuzungushwa na maji, kilichobuniwa kwa ajili ya mito ya pwani, ambako bahari ikijaa na kupwa huyasukuma maji huku na huku. Lualaba, mto wa Nyangwe, haina bahari ya kuisukuma, lakini mkondo wake haulali, na wenye kampuni walitaka kuona kama utafaa. Umeme wake haukuwa wa mtu. Ulitakiwa upimwe, kisha upotee. Léon aliona hiyo ni dhambi tupu, akavuta waya kwa siri mpaka kituo cha afya.

Hayo yote aliyaeleza muuguzi mkuu, Célestin, akiwa ameketi kando ya mashine ya oksijeni iliyonyamaza. Mashine hiyo ilikuwa na mgonjwa mmoja tu, binti wa Faradji na mkewe Cadette, aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Alipumua kwayo siku sita. Juzi, saa nne na nusu asubuhi, umeme ulikatika. Saa tano kasorobo mtoto alikuwa amekwisha.

"Léon alikuwa na desturi ya kuzima?" Marcelline aliuliza.

"Siku ya kupima, ndiyo. Lakini anakuja kuniambia mbele ya kuzima, na mutoto akiwa na hali mubaya anangoja. Juzi hakukuja."

Katika kibanda cha fundi, ukingoni mwa mto, Inspekta alikuta vitu viwili vya maana. Cha kwanza ni daftari la vipimo, limejazwa kila saa kwa mwandiko safi. Mstari wa mwisho ulisema: "Saa 4:30, umeme sifuri. Sababu sijui. Namwita Faradji anivushe nikatazame." Cha pili ni swichi kuu. Ilikuwa imewashwa, na vumbi juu yake halijaguswa na kidole.

Léon hakuzima chochote. Marcelline akaamuru mtambo uvutwe nje.

Wavuvi wanane waliuvuta kwa kamba. Wavu mpya wa nailoni ulikuwa umejizungusha kwenye mabapa, umekaza hata ikabidi ukatwe kwa panga. Ilikuwa marufuku kutega karibu na mtambo. Kila mtu alijua hivyo, na kila mtu alijua pia kwamba samaki wakubwa walikuwa wamezoea kupumzika nyuma yake, pale maji yanapotulia.

"Wavu wa nani?"

Waliangalia mto.

Lakini wavu wa Nyangwe haumsitiri mwenyewe. Kila mvuvi hukata maboya yake kutoka kwenye malapa, viatu vya mpira vilivyochakaa, na kila mmoja ana mkato wake, ili nyavu zisigombaniwe. Haya yalikuwa ya kijani, ya pembe tatu, yenye matundu mawili. Marcelline alikata boya moja, akalitia mkobani.

Nyumbani kwa Faradji wanawake walikuwa wameketi na Cadette kwenye mikeka ya msiba. Juu ya uzio ulining'inia wavu wa zamani. Maboya ya kijani, pembe tatu, matundu mawili. Inspekta alitamani asingeyaona.

Faradji alikuwa mvuvi, na ndiye aliyelipwa kumvusha fundi kila siku. Walizungumza chumbani, mlango umefungwa.

"Papa Faradji, juzi ulimvusha Léon?"

"Juzi nilikuwa na maziko."

"Maziko yalikuwa saa tisa. Léon ameandika jina lako saa nne na nusu."

Faradji alitazama mlango uliofungwa.

"Mlifika kwenye mtambo?"

"Hatukufika."

Kisha alisema yote, taratibu, bila kulazimishwa, naye Inspekta akaandika. Alikuwa amemfumba mwanawe macho kwa vidole vyake, akashuka mbio mtoni kuuliza kwa nini. Léon alikuwa tayari ndani ya mtumbwi akimngoja, hana habari ya kifo. Walipofika katikati ya mto, Faradji alimuuliza ni nani aliyezima.

"Akaniambia, 'Pole, kaka, usiogope, hii iko majaribio tu.' Mutoto wangu iko majaribio, mama inspekta? Alipogeuka nilimupiga na kafi. Alianguka. Sikumushika."

"Hukumwambia kwamba mtoto amekufa?"

"Hapana."

Marcelline aliwaonea huruma wote wawili, aliyepiga na aliyepigwa. Faradji hakuwa na kitu kingine cha kushikilia duniani ila hiki kimoja, kwamba Léon alimuua mwanawe. Atalala nacho gerezani. Inspekta aliamua boya libaki mkobani mpaka mahakamani, hakimu ndiye amwambie. Ulikuwa woga, na alijua ni woga.

"Neno moja," Faradji alisema. "Wavu wangu mupya umebaki majini. Niliutega jioni ya mbele ya ile siku, nyuma ya mutambo. Najua inakatazwa. Lakini siku ya saba ilikuwa inafika, siku ya kumupa mutoto jina, na wageni lazima wakule samaki. Cadette hajui mahali kwenye iko. Mumuonyeshe, asibaki mikono mitupu."

Marcelline angeweza kumwambia umechukuliwa na maji. Ulimi ulikataa. Alilitoa boya, akaliweka mkekani, uzi wake ukiwa umekatwa kwa panga.

"Muliukuta wapi?"

"Kwenye mabapa, papa. Ndio uliousimamisha mtambo."

Faradji aliligeuza boya mkononi. Lilikatwa kutoka kwenye malapa ya Cadette mwenyewe. Hakulia. Aliomba asomewe maelezo yake, naye Inspekta akasoma: aliyeuawa, mtu mmoja, Léon, fundi.

"Hapana," alisema. "Andika wawili."

Marcelline alishika kalamu.

"Jina la wa pili?" aliuliza, kwa mazoea ya kazi, na papo hapo akakumbuka kwamba mtoto hakupewa jina.